Kikundi cha askari wa Kirumi hakifi kwa kukosa panga

Ukipita mji wa Chester, Uingereza, siku ya shule, unaweza kukutana na mstari wa watoto waliobeba ngao. Mbele yao huwa kuna mtu mzima aliyevaa dirii na kofia ya chuma, akiwatolea amri za Kilatini. Nchi hiyo ilitawaliwa na Warumi kwa zaidi ya miaka 350, na mpaka leo wapo mafundi bomba, walimu na wauguzi ambao wikiendi huvaa kama askari wa Kirumi na kuwaonyesha watu jinsi jeshi lile lilivyoishi.

Kimoja cha vikundi vinavyojulikana sana, Ermine Street Guard, kilianzishwa mwaka 1972 na kimeendelea kwa miongo mingi. Lakini vingine ni vidogo, watu wanane au kumi hivi. Hivyo ndivyo vyenye taabu, na taabu yenyewe mzazi ataitambua hata kama hajawahi kushika mkuki. Waliowahi kuwa kwenye kwaya au timu ya mtaa wanaijua.

Huanza hivi. Mwanachama anapata mtoto. Mwezi wa kwanza wenzake wanampongeza na kumwelewa. Mwezi wa nne mkewe anahesabu Jumamosi: tatu mfululizo mume ameshinda uwanjani na askari wenzake, yeye amebaki nyumbani na mtoto mwenye homa. Ana haki ya kulalamika. Baba anaacha kwenda, dirii inatupwa stoo na kushika kutu. Wakifuatana wawili au watatu kwa mtindo huo, kikundi kimekwisha, ingawa panga zote zipo.

Viongozi wengi hujibu kwa kutafuta vijana wasio na familia. Hiyo ni dawa ya muda, maana vijana nao huoa. Kinachodumu ni kuipa familia nafasi ndani ya kambi, na historia yenyewe inaruhusu.

Kwa karibu karne mbili za mwanzo wa dola, sheria ilimkataza askari wa kawaida kuoa. Lakini Vindolanda, ngome iliyo karibu na Ukuta wa Hadrian kaskazini mwa Uingereza, udongo wenye majimaji umehifadhi viatu vya ngozi vya watoto, hata vya mtoto mchanga. Zimepatikana pia barua zilizoandikwa kwa wino kwenye vibao vyembamba vya mti. Katika moja, ya karibu mwaka 100, Claudia Severa anamwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina, mke wa kamanda wa ngome, kwenye siku yake ya kuzaliwa tarehe 11 Septemba. Nyingine inataja soksi na chupi ambazo mtu ametumiwa. Baridi ya kule haikujali sifa za jeshi la Kirumi! Kwa hiyo mama anayepika kambini na mtoto anayekimbia kati ya mahema hawaharibu igizo. Walikuwepo.

Halafu kuna tamaa ya ukubwa. Lejioni moja ilikuwa na watu kama 5,000. Watu wanane wakijipanga uwanjani na kupiga kelele za vita, mtazamaji anaona watu wanane tu. Lakini jeshi lile liligawanywa mpaka kwenye kundi la watu wanane waliolala hema moja la ngozi, wakasaga ngano yao na kula pamoja. Kikundi kidogo kikiamua kuonyesha hema moja, ghafla kimetimia. Hakuna pengo la kuombea radhi.

Na kwenye hema ndiko kazi za watoto ziliko. Mtoto wa miaka saba atasaga ngano kwa jiwe la mkono nusu saa nzima, jambo ambalo baba yake hulikimbia baada ya dakika tano. Mwingine ataandika majina ya wageni kwenye kibao cha nta. Upanga wa mbao nao si wa kuchezea tu: makuruta wa Kirumi walifundishwa kwa panga za mbao, wakipiga nguzo iliyosimikwa ardhini. Vyuma vya kweli vikae upande wa kamba ambao mtoto hafiki, na awepo mtu mmoja mwenye jina asiye na kazi nyingine siku hiyo ila kuwaangalia watoto. Wakisema "tutawaangalia wote", hakuna anayewaangalia.

Vijana wa miaka 14 ni shauri jingine. Hawataki kusaga ngano mbele ya wenzao wa shule, na kuwalazimisha ni kuwapoteza. Wape kazi yenye heshima: kupiga picha, kueleza wageni, kutunza daftari la vifaa. Asiyetaka kabisa abaki nyumbani.

Kwa wazazi Waafrika wanaolea Uingereza, lipo swali ambalo mtoto huulizwa uwanjani: "Wewe Mrumi gani?" Jibu lipo. Katika karne ya 3, kikosi cha Wamauri kutoka Afrika Kaskazini kililinda ngome ya Burgh by Sands kwenye ukuta huohuo. Kaisari Septimius Severus mwenyewe alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo, akafia York mwaka 211. Mtoto akiyajua hayo hujibu bila kumtazama mama yake.

Fedha huvunja vikundi kimyakimya. Dirii, kofia, ngao na viatu vya misumari ni gharama kubwa kwa mwenye kulipa nepi. Afadhali kikundi kiwe na seti mbili za kuazima, mgeni avae mwaka mzima kabla ya kununua chake. Ratiba nayo ipunguzwe. Maonyesho manne kwa mwaka, yaliyopangwa mapema na kubandikwa kwenye friji, hudumu kuliko kumi yanayotangazwa Alhamisi kwa Jumamosi.

Kipindi cha baridi, uwanja ukiwa matope, kikundi kisilale. Watu wakutane nyumbani kwa mmoja wao, kwa zamu, wasugue kutu, washone kanzu, na watoto wapimwe miguu. Viatu vya mwaka jana vimeshawabana, na ngozi ya kushonea vingine lazima iagizwe kabla ya Machi.