MALI BILA DAFTARI

Mwezi wa Machi, 1943, mabomu ya vita yaliteketeza hifadhi ya mimea iliyokuwa Berlin. Katika majivu yale ilikuwamo mimea mikavu iliyochumwa nchini mwetu wakati wa utawala wa Wajerumani, mingine katika miteremko ya Kilimanjaro. Iliyosalimika zaidi ni ile ambayo nakala zake zilikwisha kupelekwa kwingine.

Hata leo elimu juu ya viumbe vya mlima wetu imetawanyika: nyingine iko hapa nchini, nyingine Nairobi, nyingine London. Dawa yake si kuirundika yote mahali pamoja, bali kuziunganisha kompyuta zinazoitunza. Ndivyo ufanyavyo mtandao wa GBIF, ulioanzishwa mwaka 2001, wenye makao Copenhagen. Kila hifadhi hubaki na daftari lake, lakini huandika kwa utaratibu mmoja: jina la kiumbe, mahali, tarehe na aliyekikusanya. Copenhagen hutengeneza faharasa ya kutafutia. Tanzania imo, kwa njia ya Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Mkulima wa Moshi halioni jambo hili kuwa geni. Tangu KNCU ilipoundwa mwaka 1933, vyama vya msingi vilishika kila kimoja daftari lake, lakini ratili ya Rombo ilikuwa sawa na ratili ya Machame.

Katika kazi hii, mizani ni majina. Masale, ambayo Mchagga huombea msamaha, ni ya jamii ya Dracaena. Katika jamii hiyo umo mmea ulioitwa Dracaena deremensis, kwa ajili ya Derema kule Usambara. Wataalamu sasa wanauhesabu kuwa Dracaena fragrans. Kompyuta isiyoambiwa hivyo itahesabu mimea miwili palipo na mmoja, na atakayeuliza msitu umepungukiwa na nini atapewa jibu la uongo.

Basi ashikaye mizani ana nguvu. Ikiwa vijana wetu watakuwa wachumaji wa majani tu, na kazi ya kuyaandika na kuyalinganisha ikafanywa na watu wa mbali, tutakwenda kuuliza habari za mlima wetu kwa wageni. Hatusemi milango ifungwe; moto wa Berlin umetuonya. Twasema vijana wa vyuo vyetu, kama Mweka, wafundishwe kazi hiyo. Kompyuta zake zitunzwe hapa hapa. Na kila habari itokayo ionyeshe imetoka wapi na imekusanywa na nani.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari likiwa moja tu laweza kuungua, na likiwa mikononi mwa mwingine peke yake, hata mali yenyewe si yetu tena.