Kamba ya Mita Mbili: Matembezi na Mbwa Katika Nchi ya Maziwa

Mbwa wa boma katika Afrika Mashariki hujulikana kwa ulinzi wake. Usiku huwabwekea wapitao, mchana hulala kivulini, na ni nadra mwenyewe kufunga safari naye kwa ajili ya burudani tu. Katika Uingereza mambo ni mengine. Huko mbwa ni mwenzi wa matembezi, na siku za mapumziko jamaa wazima hutoka mjini, mbwa akiwa mbele, kwenda kupanda vilima, kuzunguka maziwa na kupunga hewa ya pwani. Yafaa kuyatazama matembezi hayo kwa makini, kwani ruhusa ya mbwa huyo kupita mlimani ina masharti, na masharti yenyewe yanamfaa kila mwenye mbwa, awe raia au askari.

ZIWA, KILIMA NA PWANI

Mahali penye sifa kubwa kwa matembezi ya namna hii ni Nchi ya Maziwa, iliyoko Cumbria, kaskazini-magharibi ya England. Serikali iliifanya hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 2017 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Humo mna Scafell Pike, mlima mrefu kupita yote ya England, wenye mita 978, na mna Windermere, ziwa kubwa kupita yote ya nchi hiyo, lenye urefu wa kilomita kama 17. Kwa mtu aliyeiona Ruwenzori au Kilimanjaro, mlima wa mita 978 ni kama kichuguu. Hata hivyo mawingu ya huko hushuka ghafla, mvua yake ni ya baridi kali, na watu wamepotea na kufa humo.

Mwenye watoto wadogo, au mwenye mbwa mzee, huanza na ziwa. Njia ya kulizunguka ziwa Buttermere ni kama kilomita 7, nayo ni tambarare kwa sehemu kubwa. Mahali pamoja hupita katika tundu lililochongwa ndani ya jabali, na watoto hupenda kusikia mbweko wa mbwa ukirudi kwa mwangwi. Mwenye nguvu zaidi hupanda Catbells, kilima cha mita 451 kilicho juu ya ziwa Derwentwater. Ayatakaye mawimbi hushuka hadi St Bees, kwenye Bahari ya Ireland, ambako magenge ya mawe mekundu husimama juu ya maji, na majira ya kuchipua maelfu ya ndege wa baharini hutaga mayai humo. Hapo mbwa hapaswi kuachiliwa hata kidogo, kwani akimfukuza ndege mmoja tu aweza kutumbukia baharini.

Aliyewafungulia wengi njia hizi alikuwa karani wa fedha. Alfred Wainwright, aliyezaliwa mwaka 1907, alikuwa mtunza hazina wa manispaa ya Kendal. Hakuendesha motokaa, siku za mapumziko alipanda basi, akatembea, na jioni akachora kwa mkono alichokiona. Kati ya mwaka 1955 na 1966 alitoa vitabu 7 vinavyoeleza vilima 214. Mwaka 1973 akatoa kingine, kinachoeleza njia ya kuvuka nchi kwa miguu kutoka St Bees hadi Robin Hood's Bay, pwani ya mashariki, mwendo wa kilomita kama 300.

KONDOO WAJUAO KWAO

Hifadhi hii haifanani na zile za Afrika Mashariki ambazo zimeachiwa wanyama wa porini. Watu wanaishi humo, wanalima na kufuga. Njia ya wapita kwa miguu hukata katikati ya malisho, hupita uani mwa mkulima, na huvuka kuta za mawe kwa ngazi ndogo au lango. Kwa hiyo mtembezi na mbwa wake ni wageni katika mali ya mtu.

Mali yenyewe ni kondoo, hasa wa aina ya Herdwick, ambao huzaliwa weusi na kugeuka kijivu kadiri wanavyokua. Kondoo hawa hulisha juu ya vilima visivyo na ua, lakini hawapotei. Kila kundi linajua mipaka ya mahali pake, na mama humfundisha mwanawe kwa kutembea naye. Elimu hiyo haiuzwi sokoni. Mchungaji akinunua kondoo wageni na kuwaweka mlimani, watatawanyika.

Mwandishi wa hadithi za watoto, Beatrix Potter, alilifahamu jambo hilo vizuri. Alipofariki mwaka 1943 aliiachia National Trust, chama cha hifadhi kilichoundwa mwaka 1895, zaidi ya ekari 4,000 za ardhi pamoja na mashamba yake, na aliagiza kwamba makundi ya Herdwick yaendelee kufugwa humo.

Hasara ya kupoteza kundi ilionekana mwaka 2001. Ugonjwa wa miguu na midomo uliingia Uingereza, wanyama zaidi ya milioni 6 wakachinjwa, na Cumbria ndiyo iliyopata visa vingi kupita pengine pote. Njia za miguu zilifungwa. Wachungaji waliopoteza makundi yao waliporudishiwa wanyama wengine, walipata kondoo wasioijua njia ya mlimani, ikabidi kuwafundisha upya kwa subira ya miaka. Ndiyo sababu mchungaji wa huko amwonapo mbwa mgeni akikimbia bila kamba, moyo wake hushtuka. Kondoo mwenye mimba akifukuzwa aweza kuharibu mimba ingawa hakuumwa, na kundi likiogopeshwa hujirusha ukutani, majini au bondeni.

SHERIA NA BUNDUKI

Sheria ya mwaka 2000 iliwapa watu haki ya kutembea katika nyika na milima iliyo wazi ya England na Wales, hata nje ya njia. Lakini katika ardhi hiyo, tangu tarehe 1 Machi hadi 31 Julai, wakati kondoo wanapozaa na ndege wanapotaga chini, kila mbwa lazima awe katika kamba isiyozidi mita 2. Na popote penye mifugo katika ardhi hiyo, kamba hiyo ni ya lazima mwaka mzima.

Anayepuuza atakutana na sheria nyingine mbili. Ile ya mwaka 1953 humshtaki mwenye mbwa anayewasumbua mifugo. Ile ya mwaka 1971 humkinga mfugaji aliyempiga mbwa risasi, mradi hapakuwa na njia nyingine ya kuwaokoa wanyama wake, na mradi ametoa taarifa polisi katika muda wa saa 48. Hapo ndipo uzembe wa dakika moja huleta msiba katika nyumba mbili: mfugaji hupoteza kondoo, na watoto wa mjini hurudi nyumbani bila mbwa wao. Mbwa alifuata silika yake. Kosa ni la aliyeifungua kamba.

Lipo jambo moja ambalo kamba hiyo huachiwa kwa makusudi. Ng'ombe mwenye ndama humhesabu mbwa kuwa adui. Ng'ombe wakija mbio kwa hasira, mtembezi huagizwa amwachie mbwa mara moja. Mbwa ana mbio, atajiokoa. Lakini mtu anayeng'ang'ania kamba hukanyagwa, na wako waliokufa kwa namna hiyo.

Majini nako kuna hatari. Siku za joto, baadhi ya maziwa, Windermere likiwamo, hufunikwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika. Utando huo huweza kuwa na sumu, na mbwa akiyanywa maji yale, au akijilamba baada ya kuogelea, aweza kufa upesi. Mtembezi mwangalifu huchukua maji ya mbwa wake katika chupa, na jioni humpekua manyoya kutafuta kupe.

MBWA ALIYEBAKI MLIMANI

Mwezi Aprili mwaka 1805 kijana aitwaye Charles Gough alipanda mlima Helvellyn, wenye mita 950, akifuatana na mbwa wake jike, Foxie. Hakurudi. Mwishoni mwa Julai mchungaji mmoja alisikia mbweko, akaufuata, akakuta mifupa ya kijana yule chini ya genge na mbwa angali hai kando yake. Washairi William Wordsworth na Walter Scott walimtungia mashairi, na mwaka 1890 liliwekwa jiwe la ukumbusho juu ya mlima huo.

Foxie hakuweza kuita msaada. Leo wapo mbwa waliofunzwa kazi hiyo. Mwaka 1965 mpanda milima wa Scotland, Hamish MacInnes, alianzisha chama cha mbwa wa kuwatafuta waliopotea milimani, na vyama vya namna hiyo vikaenea hadi Nchi ya Maziwa. Mbwa hunusa harufu ya binadamu inayoletwa na upepo, hata gizani na katika ukungu, kisha humrudia mwenyewe na kumwongoza hadi kwa aliyeumia. Watu wanaowaongoza hufanya kazi hiyo kwa kujitolea. Na katika mitihani mbwa anayopewa, mmoja ni huu: apite kati ya kondoo bila kuwajali. Akiwafukuza, hafai, hata kama pua yake ni kali namna gani.

SOMO KWA BOMA

Askari aliyewahi kufanya kazi na mbwa wa polisi hatashangaa kusikia hayo. Mbwa huachwa huru baada ya kuwa mtiifu, na utii hufundishwa kwa kamba fupi, sauti moja na zawadi ya papo hapo, kila siku, tangu angali mdogo. Watoto nao wafundishwe: wasimguse mbwa anayekula, wala aliyelala, wala asiye wao.

Tofauti moja ni kubwa. Mtembezi wa Cumbria hana hofu ya kichaa cha mbwa, maana Uingereza iliung'oa ugonjwa huo kwa mbwa wake tangu mwaka 1922. Afrika Mashariki bado unaua. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu karibu 59,000 hufa duniani kila mwaka kwa ugonjwa huo, wengi wao katika Asia na Afrika, na karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Kwa hiyo, kabla ya kamba kuna chanjo, kila mwaka, kwa mganga wa mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Asingoje kuona dalili, kwa kuwa dalili zikianza, tiba haipo.

Yule aliyechanja mbwa wake, akamfunza, na kumshika kwa kamba apitapo penye mifugo ya watu, anaweza kutoka naye asubuhi ya mapumziko, watoto wakifuata nyuma, kwenda kando ya ziwa au juu ya kilima kilicho karibu. Mchungaji atakayekutana nao njiani hatakuwa na sababu ya kuokota jiwe.