MALISHO YA KIANGAZI HUPANDWA MASIKA

Katika vihamba vya Mwika, ng'ombe wengi hufugwa zizini, kwa kuwa ardhi ya mlimani imejaa migomba na kahawa. Majani yao hukatwa nyanda za chini na kupandishwa mlimani, mara nyingi juu ya vichwa vya akina mama. Wakati wa masika mzigo huo huvumilika. Kiangazi kikiwa kikali safari hurefuka na maziwa hupungua. Ukame wa mwaka 2009, na ule wa 2021 na 2022, uliua mifugo kwa maelfu katika wilaya za wafugaji za kaskazini. Hilo ni onyo kwetu sote.

Wataalamu wamekuwa wakiwahimiza wakulima kupanda malisho ya jamii ya kunde, ambayo yana protini nyingi kuliko nyasi. Sisi twaunga mkono wito huo, ila twasema wazi kwamba wito wa jumla hautoshi, kwani mimea hiyo haikabili kiu kwa namna moja. Fiwi na mbaazi huteremsha mizizi chini sana, zikanywa maji yaliyobaki ardhini baada ya mahindi kukauka. Kunde hufunga mapema vitundu vidogo vya majani yake ili isipoteze maji. Lusini huacha kukua, ikangoja mvua, kisha ikachipua upya. Lakini desmodiamu ni mmea wa mahali penye mvua nzuri: yafaa kihambani, bali kuipanda kwenye nyanda kavu za chini ni kutupa mbegu.

Yapo na mambo mengine mawili ya kuzingatia. Kwanza, kiu ndogo huzuia shina kukua zaidi kuliko inavyodhuru ubora wa jani, na malisho hubaki mema. Kiu ikizidi, majani hupukutika na ng'ombe huachiwa vijiti. Basi yafaa kukata kabla ya hapo, kuanika na kuweka akiba. Pili, vifundo vya mizizi vinavyorutubisha udongo hudhoofika mapema udongo unapokauka. Anayechelewa kupanda hupoteza malisho na mbolea pia.

Kwa hiyo vita dhidi ya kiangazi hupiganwa mwezi Machi, mvua zinapoanza, wala si mwezi Septemba. Lakini si haki kumlaumu mkulima kwa kuchelewa ikiwa mbegu zenyewe hazikumfikia. Kilimanjaro ni mkoa wenye historia ndefu ya ushirika. KNCU iliundwa mwaka 1933 ili mkulima mdogo wa kahawa awe na sauti sokoni. Nguvu hiyo hiyo ya umoja yaweza kuagiza mbegu za malisho kwa pamoja, na kuzigawa kwa wakati.

Twawaomba wanachama katika kila tawi waulize mapema, kabla ya masika: mbegu zi wapi, na bwana mifugo atafika lini? Na akina baba wajue kwamba kumlisha ng'ombe si kazi ya mama peke yake. Kujitegemea hakuna maana ikiwa maziwa ya nyumba nzima yanategemea shingo ya mtu mmoja.