Ndege Isiyokuwepo Ina Rangi Gani?

Wako wazee wenzangu hapa Miritini ambao wakimwona kijana ameinamia vipande vya plastiki, anaunda kijidege cha ngano za sayansi, husema: "Huyu amekosa kazi." Mimi nasema kazi anayo, tena si ndogo. Ila nina neno naye pia.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Vipande huja sandukuni vimeshikana na vijiti vyake. Hukatwa kwa kisu kimoja kimoja, vikapigwa msasa, vikaoshwa kwa sabuni yatoke mafuta ya kiwandani, ndipo vikaungwa kwa gundi. Rangi hupakwa nyembamba, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikingojwa ikauke. Na kwetu pwani mwenye haraka huumbuka: siku za masika, unyevu ukizidi hewani, rangi ya kupuliza huota ukungu mweupe. Kijana aliyejifunza subira hiyo hakupoteza wakati wake.

Neno langu ni hili. Wengi huitazama picha iliyo juu ya sanduku wakaiiga nukta kwa nukta. Anayeunda mfano wa ndege ya kweli, kama hizi zinazotua hapa jirani Uwanja wa Moi, hana budi kuiga, maana ndege ipo na rangi zake zajulikana. Lakini Valkyrie, ile ndege ya vita ya katuni ya Macross iliyoanza kuonyeshwa Japani mwaka 1982, haijapata kuruka popote. Shoji Kawamori aliitazama F-14 ya Wamarekani, akaongeza ya kichwani mwake, akachora. Basi ndege isiyokuwepo ina rangi gani? Ina rangi atakayoipa muundaji. Uhuru huo mbona tuurudishe sandukuni?

Wazee wetu walilijua hili. Mafundi wa Lamu walilitia jahazi macho omoni, likajulikana kwao hata likiwa bandari ya mbali. Na tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya kujitawala, chombo cha Wamarekani cha kuchunguza nyota kilirushwa kutoka jukwaa la Wataliano baharini, huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kikaitwa Uhuru. Chuma cha wageni, jina la Kiswahili.

Na anayeona mchezo huu hauna nafasi katika dini, na akumbuke aliyoyapokea Abu Daud. Mtume (S.A.W.) aliona katika vitu vya kuchezea vya Bibi Aisha farasi mwenye mbawa mbili za nguo. Akauliza, farasi ana mbawa? Bibi Aisha akajibu kuwa farasi wa Nabii Suleiman walikuwa nazo. Mtume akacheka hata magego yakaonekana. Hakumkemea.

Basi vijana, vitieni vijidege vyenu macho ya jahazi, vitieni rangi za leso za mama zenu. Kila ndege huruka kwa bawa lake. Nanyi wazee wenzangu, msimwulize kijana, "Ya nini?" Mwulizeni, "Kwa nini rangi hii?" Akijibu kwamba ndivyo ilivyo sandukuni, hapo mna haki ya kumkemea.