Mji Uliovunjika na Mji Uliovunjwa

Yako mashairi ya aina moja ambayo hayakosekani katika kurasa za visiwani, na aghalabu huwa ni mashairi mazuri. Ubeti wa kwanza huitaja sinema iliyofungwa. Wa pili humtaja muuza kahawa, dele lake na mlio wa vikombe vyake. Wa tatu hushuka hadi Forodhani, wa nne hupita dukani kwa fundi saa ambaye hayupo tena, na wa mwisho huishitaki dunia. Vina vimetimia, mizani imekaa sawa, na msomaji aliyezaliwa Malindi au Kiponda hufuta chozi. Kisha hugeuza ukurasa, na hakuna lililotokea.

Kasoro ya mashairi haya haimo katika vina wala mizani. Imo katika kitenzi. Kiswahili kimempa mshairi kauli mbili za kuelezea kitu kilichofikwa na jambo: kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Mtu akisema mlango ulivunjwa, anayemsikiliza ana haki ya kuuliza: na nani? Akisema mlango ulivunjika, swali hilo halina pa kusimama. Ni mlango na uzee wake. Washairi wa maombolezo wameichagua kauli ya pili, na jamaa zake, kwa umoja wa ajabu kama kwamba walikula kiapo. Sinema "zilitoweka". Baraza "zilipotea". Mikahawa "ilikufa". Mji mzima wa Unguja, kwa mujibu wa beti hizi, ulijivunja wenyewe usiku mmoja ilhali watu wake wamelala. Huu ni ukarimu mkubwa mno kwa waliotia saini.

Zichukuliwe sinema, maana ndizo zinazoliliwa zaidi. Kila mkaazi wa makamo anayataja majina matatu bila ya kufikiri: Majestic, Empire, Cine Afrique. Majestic ya Vuga ilijengwa upya katika miaka ya 1950 baada ya jengo lililotangulia kuungua, na umbo lake la mistari iliyonyooka na pembe zilizoviringwa lilikuwa tangazo la mji unaojiona wa kisasa. Humo ndimo watu walimotazama Awaara ya 1951 na Mother India ya 1957, wakarudi tena na tena hata nyimbo zikawakaa mdomoni kwa lugha wasiyoijua. Na hapo pana jambo ambalo wapenzi wa ushairi hawana haki ya kulisahau: tuni zile hazikubakia sinemani. Zilitoka mlangoni pamoja na watazamaji, zikaingia katika vilabu vya taarabu, zikavishwa maneno ya Kiswahili na watunzi waliojua kupima silabi kwa sikio. Sinema ilikuwa karakana ya ushairi. Aliyeifunga hakufunga pumbao tu.

Anayesema kwamba sinema ziliuawa na wakati, aulizwe: wakati upi? Mwaka 1964 Serikali ya Mapinduzi ilizitaifisha. Mwaka 1973 Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi, takriban miaka 20 kabla ya Tanzania Bara kupata televisheni ya aina yoyote. Miaka ya 1980 video ziliingia majumbani, na fedha za kigeni za kununulia filamu mpya zilikuwa haba kama mchele mzuri. Baadaye biashara ikafunguliwa milango, thamani ya jengo katikati ya mji ikapanda, na majumba ya sinema yakatazamwa kwa jicho jingine: Empire na Cine Afrique zikageuzwa maduka. Katika mlolongo huo yamo maamuzi ambayo huenda yalikuwa ya lazima, yamo ya uzembe na yamo ya tamaa, na mjadala wa lipi ni lipi ungekuwa mjadala wenye faida. Lakini yote ni maamuzi. Hakuna hata moja lililofanywa na dunia.

Mwanahistoria wa Kimarekani, Laura Fair, alitoa kitabu mwaka 2018, Reel Pleasures, kinachohusu majumba ya sinema ya Tanzania na watazamaji wake. Huuliza nani alimiliki, nani alileta filamu, nani alilangua tiketi siku ya Jumapili, nani alikaa kiti gani. Ni maswali makavu, na ndani ya ukavu wake mna heshima kubwa kwa watu wa Unguja kuliko iliyomo katika beti 100 za "ewe Majestic, umekwenda wapi". Ni jambo la kutia haya kwamba mgeni aliyetafuta risiti ameufahamisha ulimwengu kuhusu sinema hizo zaidi ya wenyeji waliotafuta vina.

Ipo kasoro ya pili, nayo ni mbaya zaidi kwa kuwa ni ya uongo, si ya uvivu tu. Mji wa maombolezo hauna mlango uliofungwa. Humo kila mtu hukaa na kila mtu, Mhindi, Mwarabu, Mngazija na Mswahili, kahawa ni moja na kicheko ni kimoja. La hasha. Jengo ambalo leo huitwa Africa House lilikuwa makazi ya English Club, klabu iliyoasisiwa mwaka 1888 kwa ajili ya Waingereza, na wenyeji walioingia humo waliingia na sinia mikononi. Lilifunguka baada ya Mapinduzi, na kwa miaka mingi roshani yake ilikuwa mahali pa wafanyakazi wa serikali, wasafiri na walevi wa kawaida kulitazama jua likizama. Kisha likawa hoteli. Mshairi anayeililia roshani ile aseme anailia ya mwaka gani, maana mwaka mmoja babu yake angefukuzwa pale.

Na wanawake? Baraza, lile benchi la mawe lililoganda na ukuta wa nyumba, lilijengwa ili mgeni wa kiume apokewe nje na faragha ya ndani isiguswe. Kwa hiyo anayeandika kwamba "sote tulikaa barazani" ameshawatoa nusu ya wakaazi kabla ya kufika kituo. Wanawake walikuwa na mahali pao pa kukutania, na mojawapo ni sinema hizo hizo, katika maonyesho ya wanawake watupu yaliyoitwa zanana. Mashairi ya maombolezo yanayolitaja neno hilo ni ya kutafuta kwa taa. Ajabu, maana zanana ndiyo hasara ambayo haikupata badala. Mwanamme aliyekosa sinema alibakia na baraza, mkahawa na mpira. Mwanamke wa Vikokotoni alirudi ndani.

Kimya kirefu kuliko vyote ni kile cha Ng'ambo. Maombolezo mengi huishia Darajani, kama kwamba mkondo uliougawa mji haujafukiwa hadi leo. Lakini hesabu ya mahali pa kukaa haiwezi kuishia pale. Siti binti Saad, aliyetoka Fumba, alijenga jina lake Ng'ambo, na santuri alizorekodi Bombay mwaka 1928 zilisikilizwa katika mikahawa ya watu waliokuwa hawana nyumba za mawe. Raha Leo, jumba la mikutano na burudani lililojengwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1940, lilikuwa pia nyumba ya redio ya Sauti ya Unguja, na watu walikusanyika kusikiliza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970 mitaa mizima ilivunjwa kupisha majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Wako waliopata maji ya bomba na umeme kwa mara ya kwanza, na hilo si dogo. Lakini jumba la Michenzani halina baraza. Ina ngazi. Wazee walioshushwa kutoka kwenye kizingiti chao cha udongo na kupandishwa ghorofa ya tano walipoteza mahali pa kukaa kwa njia iliyo wazi kuliko ya mtu yeyote wa Shangani, na hakuna "dunia" iliyohusika: palikuwa na ramani, tarehe na wakandarasi. Mashairi yao yako wapi? Au chozi nalo lina mtaa wake?

Baadhi ya watetezi wa maombolezo hujibu kwamba mshairi si karani, na kwamba kazi yake ni kuutunza moyo, si kumbukumbu za mikataba. Jibu hili lingekuwa na uzito kama lisingetolewa Uswahilini, ambako mshairi amekuwa karani, wakili na hata mwendesha mashitaka tangu kale. Ni pwani hii hii ambayo watu walijibizana kwa beti juu ya vita, utawala, mahari na deni la mchele. Fumbo lilifumbwa ili lifumbuliwe, na aliyetupiwa alijijua. Ushairi wa malalamiko yasiyomlenga mtu ni mtindo mpya. Una umri wa watalii, si umri wa ushairi.

Na watalii wanaingia hapa kwa mlango wa haki. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Juhudi hizo zimeokoa kuta nyingi ambazo zingekuwa vifusi, na anayezibeza hajaona picha za miaka ya 1980. Hata hivyo mtu anaweza kuzihesabu nguvu za hifadhi na kuona zimeelekea wapi: mlango wa nakshi, kimo cha jengo, rangi ya chokaa, dirisha. Mlango huwezi kuung'oa bila ya kuulizwa. Fundi cherehani aliyekaa nyuma ya mlango huo kwa miaka 30 anaweza kung'olewa kwa barua moja ya kodi mpya, tena iliyopangwa kwa dola, na hakuna atakayeulizwa, kwa sababu fundi si nakshi. Matokeo yake ni mji uliohifadhiwa kwa ajili ya kutazamwa. Baraza ipo, imepakwa chokaa, imewekewa mito. Aliyesimama mbele yake amevaa sare na kazi yake ni kuhakikisha haikaliwi na asiye mgeni wa hoteli.

Studio ya picha ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa mwaka 1930, ni mfano wa kuzingatiwa. Ilipiga picha za masultani na za raia, za harusi na za vitambulisho. Katika zama za utalii iliendelea kuishi kwa kuwauzia wageni nakala za picha za zamani. Hapana ubaya katika hilo. Mtu hula palipo na chakula. Lakini ni dalili kubwa, duka lililokuwa likiwapiga picha watu wa mji kufikia kuuza picha za watu hao kwa wapita njia.

Washairi wa maombolezo, pasipo kukusudia, wamekuwa mafundi wa biashara hiyo hiyo. Huzuni isiyo na mshitakiwa hupendwa na kila mtu. Mwenye hoteli huweza kuitundika ukumbini. Ofisa aliyeidhinisha huweza kuisikiliza kwenye tamasha na kupiga makofi kwa dhati. Hata mrithi aliyeko Muscat au London, aliyepokea bei ya nyumba ya babu yake na kumkodisha aliyemkodisha, huweza kuisoma usiku na kulia kwa machozi halisi. Shairi linalomliza muuzaji, mnunuzi na aliyeuzwa kwa kiasi kile kile lina kasoro mahali fulani.

Lingekuwa kosa kudhani kwamba mambo yamekwisha. Jaws Corner, njia panda ya Sokomuhogo iliyopata jina lake kutokana na filamu ya papa, ingali inakaliwa; kahawa inanywewa, siasa inasemwa, tena kwa sauti. Imebakia kwa sababu wanaokaa pale waliendelea kukaa, hata tangu 1992, vyama vingi viliporudi na kila maskani ikatakiwa ijulikane ni ya bendera gani. Forodhani nayo, iliyotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009, jioni hujaa familia za Unguja pamoja na wageni, na watoto wangali wanajirusha baharini. Haya hayakutokea kwa bahati. Bustani ile ingeweza kuwa ua wa mbele wa hoteli kubwa. Palikuwa na watu waliosema iwe ya umma, nao wanastahiki kutajwa kwa kauli ya kutendwa kama wanavyostahiki wale wengine.

Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili waliokuwa kazini. Siku chache tu zilipita, na tayari beti zilisema jumba "limechoka". Sehemu yake nyingine ilikuwa imeshaanguka mwaka 2012. Miaka minane ni mingi kwa jengo kusubiri, na waliofariki hawakuuawa na uchovu.

Majestic nayo imekuwa na mipango ya kufufuliwa. Wenye kalamu wasisubiri ikamilike ndipo waitungie kaswida, wala isikwame ndipo waitungie rambirambi. Yako maswali ya kuulizwa kwa sasa, na yanaingia katika mizani ya 16 bila ya taabu: tiketi itauzwa kwa shilingi ngapi, Jumapili itakuwa ya nani, na wanawake wa Vikokotoni watatengewa siku gani?