Redio inazama, je tubadili muziki?

Mwezi huu naomba tuweke pembeni kidogo habari za wivu na meseji za usiku wa manane, maana kuna ishu nyingine imetua mezani kwangu. Lakini usikimbilie kurasa za mitindo, mapenzi yamo humu humu.

Wasomaji wetu wawili, mke na mume, wana redio. Siyo ile ya kuweka kabatini, ni stesheni kabisa, yenye mnara, studio na watangazaji. Ipo katika mji mmoja wa mkoani ambao nitauficha, na wao tutawaita Baba Redio na Mama Redio. Wameniandikia barua mbili ndani ya wiki moja, kila mmoja kwa siri ya mwenzake (hapo tu utajua hali ya nyumba ikoje). Ilibidi niwapigie simu wote wawili na kumwambia kila mmoja kwamba na mwenzie kaandika. Walicheka, wakanyamaza, kisha wakaniruhusu nilete mambo yao hapa.

Hali yenyewe ndiyo hii. Redio yao inapiga zilipendwa, rhumba la Kongo na taarab. Ukifungua asubuhi unakutana na Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, mchana Sikinde na Msondo, jioni Franco au Tabu Ley. Miaka ya mwanzo iliwalipa vizuri tu. Sasa matangazo ya biashara yamekauka, watangazaji wanadai mishahara ya miezi mitatu, bili ya umeme haingoji, na kuna mkopo wa benki. Dhamana ya mkopo? Nyumba wanayoishi.

Baba Redio anataka kuanzia mwezi ujao wafagie yote hayo, wapige Bongo Fleva, singeli na amapiano kuanzia alfajiri mpaka usiku. Anasema vijana ndio wenye matumizi, na watangazaji wa biashara wanafuata vijana. Mama Redio anasema vijana wana simu, muziki wao wanatembea nao mfukoni, na wakiwafuata hao watawakosa, halafu na wazee waliokuwa nao watakuwa wameshaondoka. Wanakula bila kuongea. Tena, Mama amegundua kwamba mwenzie ameshaagiza vibwagizo vipya kwa prodyuza mmoja wa Dar, na malipo ya awali ameshatoa, bila kumwambia. Hilo, kwa maneno yake mwenyewe, limemuuma kuliko huo muziki.

Niseme wazi: kwenye hili nipo na Mama Redio, ingawa siyo kwa kila kitu.

Kubadili muziki wa redio inayozama ni kama yule dada anayekata nywele na kununua kabati zima la nguo kwa sababu mume hakai nyumbani. Inawezekana kweli tatizo ni nywele. Lakini umewahi kumuuliza anakwenda wapi?

Kuna stesheni iliwahi kufanya hasa hicho anachokitaka Baba Redio, tena ikiwa na fedha ambazo sisi huku tunaziota tu. Inaitwa WCBS-FM, ipo New York, masafa 101.1. Tangu mwaka 1972 ilikuwa inapiga nyimbo za zamani, yaani zilipendwa za Wamarekani. Wasikilizaji wake wakazeeka nayo, na wenye kampuni wakaanza kuingiwa na hofu kwamba makampuni ya biashara hayataki wazee. Ijumaa ya tarehe 3 Juni 2005, jioni, bila hata kuwaaga watu, wakaigeuza. Ikawa Jack FM, mtindo wa kuchanganya nyimbo za vipindi mbalimbali, bila watangazaji, ila sauti iliyorekodiwa inayotania katikati ya nyimbo. Watangazaji ambao watu waliwazoea kwa miaka na miaka wakajikuta hawapo hewani. Mmoja wao, Bruce Morrow, ambaye New York nzima ilimwita Cousin Brucie, akachukuliwa na redio ya satelaiti ya Sirius.

Watu waliwaka! Hata aliyekuwa meya wa jiji wakati huo, Michael Bloomberg, hakuficha hasira zake. Na wale vijana waliokuwa wakiwindwa? Hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Usikilizaji ukaporomoka, na fedha nazo zikafuata njia hiyo hiyo. Tarehe 12 Julai 2007, miaka miwili na mwezi mmoja baadaye, wenyewe wakairudisha WCBS-FM na baadhi ya sauti zake za zamani.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana wengi wanaosimulia kisa hiki huishia kwenye 'wazee wameshinda'. Stesheni haikurudi pale pale ilipokuwa. Nyimbo za miaka ya 1950 zilipunguzwa sana, za miaka ya 1970 na 1980 zikapewa nafasi kubwa zaidi. Yaani ilibaki redio ya kumbukumbu, ila kumbukumbu zenyewe zikasogezwa mbele. Baadaye ikawa miongoni mwa stesheni zinazosikilizwa zaidi katika jiji lile.

Najua Baba Redio atasema mbona wapo waliobadili na wakafanikiwa. Wapo. Radio 1 ya BBC mwaka 1993 ilipata bosi mpya, Matthew Bannister, akaamua irudi kuwa redio ya vijana kweli. Watangazaji wakongwe wakaondoka, mmoja wao, Dave Lee Travis, akitangaza kuacha kazi akiwa hewani. Mamilioni ya wasikilizaji wakahama. Lakini BBC inaendeshwa na ada wanayolipa wananchi, haikuwa na mtu wa benki mlangoni, na baadhi ya waliohama waliangukia Radio 2 ambayo nayo ni ya BBC hiyo hiyo. Baba Redio, wewe wakihama wanaangukia wapi? Kwa jirani!

Turudi nyumbani. Vijana wa leo hawakumbuki kwamba zamani Tanzania Bara ilikuwa na redio ya serikali tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Sheria ya utangazaji ya 1993 ndiyo iliyofungua mlango, Radio One ikaingia hewani 1994, na baadaye kidogo Clouds FM. Bongo Fleva ilikulia humo. Hata jina lenyewe mara nyingi sifa hupewa Mike Mhagama, aliyekuwa mtangazaji wa Radio One katikati ya miaka ya 1990. Redio zile zilipata watu kwa kuwapa kitu ambacho hawakukipata kwingine. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa E-FM ya Dar ilipoibeba singeli wakati wengi wakiiona muziki wa uswahilini. Na ndivyo ilivyokuwa kwa Kameme kule Kenya mwaka 2000, ilipoanza kutangaza kwa Kikikuyu wakati FM binafsi za Nairobi zikishindana kwa Kiingereza cha puani.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyepata watu kwa kupiga kile ambacho jirani tayari anakipiga. Sasa katika mji wa Baba Redio, kwa maelezo yake mwenyewe, stesheni kubwa tatu za kutoka Dar zinasikika vizuri kabisa, zote na Bongo Fleva. Zina watangazaji mastaa, zina wasanii wanaopita studio kila siku, zina matamasha. Yeye ataingia na nini? Atakuwa wa nne katika foleni ya watu watatu walioshiba. Redio pekee yenye Mbaraka katika mji mzima ni ya kwake, na ndiyo anayotaka kuiua.

Kinachonipa shaka zaidi ni hesabu. Anasema makampuni yanafuata vijana. Makampuni gani? Ya simu, bia na sabuni? Hayo fedha zake zinapangwa na mawakala wa matangazo Dar, wanaoangalia takwimu za usikilizaji, na mara nyingi stesheni ndogo ya wilayani haionekani hata kidogo kwenye karatasi zao, iwe inapiga singeli au kwaya. Mkate wa redio kama hii ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi, shule binafsi, ukumbi wa harusi, zahanati, mnada wa Jumamosi, matangazo ya vifo, na kadi za salamu. Na mwenye duka la bati hauzi bati kwa kijana wa miaka 19. Anauza kwa mtu wa miaka 45 anayemalizia nyumba!

Kwa hiyo nilimwomba Mama Redio afungue kitabu cha risiti, aandike majina ya wateja kumi wa mwisho walioacha kutangaza, kisha awapigie mmoja mmoja na kuwauliza kwa upole kwa nini. Amefika wa saba. Hakuna hata mmoja aliyetaja muziki. Wawili walisema tangazo lao lililipiwa saa moja asubuhi likasomwa saa nne. Mmoja alisema umeme ukikatika redio inapotea nusu siku kwa sababu jenereta haina mafuta. Watatu walisema waliondoka na mtangazaji wa asubuhi, aliyehamia redio nyingine baada ya kukosa mshahara. Wa saba amefunga duka.

Umeona? Mbaraka Mwinshehe anasingiziwa bure.

Lakini nilisema sipo na Mama kwa kila kitu, na hapa naomba na yeye anivumilie. Mama ana woga wa neno Bongo Fleva kama vile ni mgeni aliyefika jana. Hebu tupige hesabu. Mtu aliyekuwa na miaka 18 mwaka 2002 sasa amevuka 40. Ana watoto, ana mkopo wa Saccos, huenda ndiye anayemalizia ile nyumba. Nyimbo zilizomtoa machozi ya kwanza ya mapenzi ni za Lady Jaydee na TID, ujana wake ni Juma Nature na Professor Jay. Wengine katika kizazi hicho cha muziki wameshaonja hata siasa: Mr. II aliingia bungeni mwaka 2010 kwa jimbo la Mbeya Mjini, Professor Jay akafuata 2015 kwa Mikumi. Mama, hao unaowaita vijana ni waheshimiwa wastaafu! Bongo Fleva ya mwanzo imeshakuwa zilipendwa, ni sisi tu hatujaipa jina hilo kwa sababu hatutaki kukubali kwamba tumezeeka (na mimi nimo, na simtaji mtu umri).

Ndiyo maana naona hawa wawili wanagombana kwenye mstari ambao haupo. Mume anataka Bongo Fleva, mke anataka zilipendwa, na kuna miaka kama kumi hivi ya muziki ambayo ni vyote viwili. Redio zinazoshindania wimbo uliotoka jana hazina muda nao. Wote wanaujua kwa moyo, maana kwa umri wao waliposeana kwa nyimbo hizo hizo.

Kwa hiyo ningefanya hivi. Asubuhi isiguswe. Saa kumi na mbili mpaka saa tatu ndipo mtaji wa redio ulipo, watu wanajiandaa, daladala zinajaa, wazee wanasubiri matangazo ya vifo. Jioni watu wanaporudi makwao, waanze kusogeza miaka taratibu: bendi za miaka ya 1980, kisha Bongo Fleva ya mwaka 2000 na kitu, tena kwa kuwaambia wasikilizaji wazi kwamba kuna kipindi kipya na kuwaomba wachague nyimbo. Hizo amapiano Baba apewe Jumamosi usiku kuanzia saa tatu, amtafute kijana mmoja wa mtaani mwenye mdomo, ajaribu kwa miezi mitatu. Vile vibwagizo vya Dar vitumike huko, hela si imeshatoka? Ikishika, waongeze. Ikikataa, wamepoteza saa chache za wiki na siyo nyumba.

Na yule mtangazaji wa asubuhi atafutwe. Waende wote wawili, mke na mume, siyo kumtumia ujumbe kwa simu. Muziki unaweza kuupata kwenye flashi ya bodaboda yeyote, lakini sauti inayojua kwamba barabara ya sokoni imefungwa leo, na kwamba Mzee wa mtaa wa pili amelazwa, haipo kwenye bando lolote. New York waliondoa sauti, wakajifunza kwa gharama.

Baba Redio, kuhusu vibwagizo vile, hapo sina cha kukutetea. Mkopo mmesaini wawili, nyumba ni ya wawili, halafu mabadiliko unayaagiza peke yako? Mwambie ulilipa kiasi gani, leo hii, kabla hajasoma hapa. Na wewe Mama, wakati anakwambia, usimkatishe.

Bado wateja watatu kwenye ile orodha. Mama Redio ameniahidi kuwapigia wiki hii, safari hii akiwa na mumewe pembeni, simu ikiwa kwenye spika. Mishahara ya wale watangazaji itoke kwenye fedha ya kwanza itakayoingia, hata kama ni nusu nusu.

Tukutane mwezi ujao.