Walimu Walioanza kwa Kuuliza

MAZUNGUMZO NA BWANA SHAMBA

Ndugu msomaji,

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuhifadhi nafaka ghalani. Mwezi huu tuweke jembe chini kidogo, tuzungumze juu ya walimu. Nataka kukueleza maisha ya walimu wawili waliofanya kazi katika nchi kavu. Si watu wa kwetu. Lakini ukisoma habari zao utaona kuwa taabu waliyoikuta ndiyo taabu ya vijiji vyetu vingi.

Katika nchi ya India kuna jimbo linaloitwa Rajasthan. Upande wa magharibi wa jimbo hilo ni Jangwa la Thar. Hata vijiji vilivyo mashariki ya jangwa hilo ni vikavu. Mvua hunyesha kwa miezi michache tu, kisha ukame unarudi. Watu wa huko hulima uwele na hufuga mbuzi, ng'ombe na ngamia.

Mwalimu wa kwanza

Mwalimu wa kwanza anaitwa Bunker Roy. Alizaliwa mwaka 1945 katika jamaa yenye uwezo. Alisoma katika shule za gharama kubwa, na watu wake walitazamia kuwa atapata kazi kubwa ya serikali. Lakini katika miaka ya 1960 njaa kali iliingia katika jimbo la Bihar. Kijana huyo alikwenda huko kusaidia, akaona watu wakifa kwa kukosa chakula. Aliporudi nyumbani alisema anataka kwenda kuishi kijijini. Mama yake alihuzunika sana.

Kwa miaka mitano Bunker Roy alifanya kazi ya kibarua ya kuchimba visima na kupasua miamba kwa baruti. Kisha mwaka 1972 alianzisha kituo cha elimu katika kijiji cha Tilonia. Yeye mwenyewe amesimulia kuwa wazee wa kijiji walimshangaa. Walimwuliza, je, anawakimbia polisi? Je, ameshindwa mtihani? Hawakuelewa kwa nini msomi aje kukaa nao.

Roy hakukasirika. Aliwasikiliza. Akaona kuwa watoto wengi hawaendi shuleni. Je, walikuwa wavivu? Hapana. Mchana walikuwa machungani na mifugo. Wengine walikuwa wanateka maji na kutafuta kuni. Mtoto angeingia darasani asubuhi, nani angechunga mbuzi?

Basi mwaka 1975 kituo hicho kilianza shule za usiku. Jua likizama na mbuzi wakiwa zizini, watoto walikuja darasani. Walisoma kwa mwanga wa taa. Mwanzo zilikuwa taa za mafuta, na baadaye taa za nguvu ya jua. Walimu walikuwa vijana wa vijiji vile vile. Watoto walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Pia walijifunza namna ya kupima shamba, la kufanya mnyama akiugua, na haki ya mtu anapokamatwa.

Tena watoto hao walikuwa na bunge lao. Walipiga kura na kuchagua mawaziri wao. Mawaziri hao wadogo walikagua shule, wakaangalia kama mwalimu anafika na kama taa inawaka. Mwaka 2001 bunge hilo lilipewa tuzo ya watoto huko Sweden. Watoto wa machungani, msomaji, ndio waliokuwa wanamkagua mwalimu!

Mwalimu wa pili

Mwalimu wa pili anaitwa Rajendra Singh. Alizaliwa mwaka 1959. Alisomea udaktari wa dawa za asili za Kihindi, kisha akaajiriwa na serikali. Kazi yake ilikuwa kusimamia madarasa ya elimu ya watu wazima katika Rajasthan, kazi ambayo wewe na mimi tunaifahamu vizuri.

Katika miaka ya 1980 aliacha kazi hiyo. Aliuza vyombo vya nyumbani mwake, akapanda basi pamoja na wenzake wanne. Walifika katika wilaya ya Alwar wakiwa na nia ya kufungua shule na kutibu wagonjwa.

Mzee mmoja wa kijiji alimwambia wazi kuwa wao hawana haja ya dawa wala shule kwanza. Haja yao ni maji. Visima vilikuwa vimekauka. Vijana walikuwa wamehamia mijini kutafuta kazi.

Hapo mwalimu akawa mwanafunzi. Mzee yule alimwonyesha malambo ya zamani ambayo watu wa huko huyaita johad. Johad ni tuta la udongo lililopinda kama mwezi mwandamo. Hujengwa mahali maji ya mvua yanapoteremka. Tuta huzuia maji yasikimbie. Maji hutulia, huzama ardhini polepole, na visima vya jirani hupata maji tena. Mababu walijua kazi hiyo, lakini malambo yao yalikuwa yamejaa udongo na kuachwa.

Rajendra Singh alishika jembe akachimba. Mvua iliponyesha, lambo lilijaa. Vijiji vingine viliona, navyo vikaanza. Katika miaka ya 1990 Mto Arvari, uliokuwa umekauka kwa miaka mingi, ulianza tena kutiririka. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Maji ya Stockholm, ambayo ni heshima kubwa duniani katika mambo ya maji.

Je, Singh aliiacha elimu alipochimba lambo? Sivyo. Maji yakiwa karibu, mtoto wa kike hupata saa ya kusoma. Mama hupata nafasi ya kukaa darasani. Lambo nalo lilifungua njia ya shule.

Mama mtu mzima akawa fundi

Turudi Tilonia. Kituo kile kilianza pia kuwafundisha akina mama watu wazima ufundi wa taa za nguvu ya jua. Wengi wao walikuwa bibi wenye wajukuu, na hawakujua kusoma. Kwa nini wachaguliwe wao? Kwa sababu kijana akipata cheti huenda mjini. Bibi hubaki kijijini.

Mafunzo yalikuwa ya miezi 6. Walijifunza kwa rangi, kwa ishara na kwa mikono. Wengine walitoka Afrika, hata Zanzibar. Mwaka 2015 kituo cha namna hiyo kilianza kazi Kinyasini, Kaskazini Unguja, na baadhi ya mama waliofunzwa India wakawa walimu wa wenzao.

Usiseme basi kusoma hakuna faida. Mama yule angejua kusoma, angeandika pia hesabu za taa na majina ya waliolipa. Lakini hakuambiwa angoje mpaka ajue kila kitu. Alianza na akili na mikono aliyokuwa nayo.

Sisi je?

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma. Labda jirani yako bado. Labda alijiandikisha darasani kisha akaacha, na watu wanamcheka kuwa ni mvivu. Usimcheke. Nenda ukamwulize. Maji anayachota wapi? Anarudi saa ngapi? Mifugo yake anamwachia nani? Darasa la saa kumi halimfai mtu anayerudi kisimani saa kumi na mbili.

Nasi tunaofundisha, tukiwamo mabwana na mabibi shamba, tuanze kwa kuuliza. Saa ya darasa yaweza kubadilishwa. Mahali pa darasa paweza kuhamishwa. Kazi ya mama haiwezi kungoja.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji chenu, nani hawafiki darasani? Kazi gani inawazuia?
2. Saa gani ingewafaa zaidi?
3. Je, kuna lambo la zamani au kisima kilichoachwa? Wazee wanasema nini juu yake?

Tukutane mwezi ujao.

Wenu katika kazi,
Bwana Shamba